Hoteli Ije na Mkataba: Historia ya Boma la Mikindani na Funzo Lake kwa Nanyamba

Boma linaloitazama ghuba ya Mikindani lilijengwa na Wajerumani mwaka 1895, walipokuwa wakijiimarisha katika pwani ya kusini. Wakati huo Mikindani ilikuwa bandari yenye jina. David Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Mambo yaligeuka baada ya Vita Kuu ya Pili. Mradi wa karanga wa Nachingwea ulihitaji bandari ya kina kirefu, Waingereza wakaijenga Mtwara, na shughuli za serikali na biashara zikaifuata. Mradi ulikufa mwaka 1951, reli yake iking'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mikindani ilibakiwa na majumba ya mawe yanayobomoka, Boma likiwa mojawapo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, lililikodi, likalikarabati na kulifanya hoteli. Lengo lake halikuwa kulaza wageni tu, bali pia kuwafunza wenyeji kazi za hoteli na kuwapa ajira.

Historia hiyo inawahusu hata watu wa Nanyamba, mji wa korosho mkoani Mtwara, kwa sababu inaonyesha kwamba faida ya hoteli kwa wenyeji hutegemea masharti yaliyowekwa tangu mwanzo, wala haiji yenyewe kwa kuwapo wageni. Hoteli nyingi za kitalii huleta meneja, mpishi na hata mboga kutoka mbali, zikawaachia wenyeji ulinzi na ufagio. Boma lilianzia upande wa pili: ujuzi kwanza. Kijana aliyefunzwa upishi, mapokezi au utunzaji wa hesabu ana mtaji usiobaki nyuma akihama, na anaweza kuutumia Mtwara mjini, Dar es Salaam au katika mgahawa wake mwenyewe. Hata hivyo, mfano huo una ukomo wake. Mfadhili ndiye aliyeamua; mwenyeji alipata mshahara na mafunzo, lakini hakupata kauli juu ya biashara yenyewe.

Hatua ya pili, inayovuka mshahara na mafunzo, ilionekana kwingine. Mwaka 1996, Wamaasai wa Il Ngwesi, Laikipia, Kenya, walifungua loji katika ardhi yao ya pamoja, nao wakawa wamiliki wake. Mapato yalisaidia shule, afya na ulinzi wa wanyamapori. Zanzibar, kisiwa cha Chumbe kilitangazwa hifadhi ya matumbawe mwaka 1994. Baadaye vibanda saba vya wageni vikawa chanzo cha fedha za kuitunza, na waliokuwa wavuvi wakafunzwa kuwa walinzi wake. Mifano hii miwili haifanani kwa umiliki, maana Chumbe huendeshwa na kampuni binafsi. Inafanana katika jambo moja: fedha ya mgeni ilipangiwa kazi mapema, ikaandikwa na kujulikana.

Msomaji anaweza kupinga: kusini hakuna wageni wa kutosha. Ni kweli, watalii wengi huishia kaskazini na Zanzibar. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, ikabana uvuvi kwa matarajio kwamba utalii ungefidia, lakini wageni hawakumiminika. Mwaka 2020 janga la Uviko-19 lilikatiza safari za ndege za kimataifa, na Oktoba mwaka huohuo wapiganaji kutoka Msumbiji wakaishambulia Kitaya, ukingoni mwa Ruvuma. Lakini pingamizi hili halivunji hoja. Linaonyesha tu ni faida ipi ya kudai. Kijiji kisiache shamba kwa kutegemea vitanda vya wageni. Kidai vitu vinavyodumu hata msimu ukiharibika: mafunzo yenye cheti, na mkataba wa kununua korosho zilizobanguliwa, kuku, muhogo na vinyago vya Wamakonde. Korosho nyingi za Mtwara husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam. Hoteli inayonunua zilizobanguliwa na akina mama wa kijijini haitamaliza tatizo hilo, lakini kikundi chao kitakuwa na mnunuzi wa uhakika wa kuanzia.

Wengine watasema masharti yatamfukuza mwekezaji. Lakini Mtwara imekwisha kuona gharama ya kuahirisha mazungumzo. Gesi iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982. Hadi ilipokaribia kwenda Dar es Salaam kwa bomba, wananchi hawakuwa na jibu la kuwaridhisha kuhusu watakachobaki nacho, na mwaka 2013 hasira zikamwagika barabarani. Mwekezaji makini huogopa ghasia hizo kuliko kifungu cha mkataba. Zaidi ya hayo, sheria ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji mamlaka ya kukubali au kukataa ardhi isiyozidi hekta 250 kuhamishwa kwenda kundi lingine la ardhi. Ardhi ikishahamishwa, kijiji hupoteza nguvu ya kujadiliana. Kwa hiyo wakati wa kudai ni kabla ya muhuri kugongwa.

Halmashauri ya Mji Nanyamba haina haja ya kusubiri mwekezaji wa loji afike ndipo ijifunze. Iandae sasa masharti yake: idadi ya wenyeji watakaofunzwa na kupandishwa vyeo, mikataba ya kazi ya maandishi, bidhaa zitakazonunuliwa vijijini, na mgawo wa kijiji utakaosomwa hadharani katika mkutano mkuu. Mwekezaji atakayeyakubali akaribishwe. Atakayeyakataa aambiwe kwaheri mapema.