Saratani ya Matiti: Historia ya Hatari na Swali la Nyashimo

Kila mjadala wa saratani ya matiti unapozuka, haikosi kusikika hoja hii: "Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuugua, kwa hiyo sina sababu ya kupimwa." Hoja hiyo inafariji, lakini historia ya ugonjwa huu haiiungi mkono.

Ujuzi wetu kuhusu hatari ulianza kwa kuhesabu na kuuliza. Mwanzoni mwa karne ya 18, tabibu wa Italia Bernardino Ramazzini aliandika kwamba saratani ya matiti ilionekana zaidi miongoni mwa watawa. Mwaka 1926, daktari Mwingereza Janet Lane-Claypon aliwalinganisha wanawake 500 waliougua na wengine 500 wasiougua, akaona kwamba idadi ya watoto na unyonyeshaji vilihusiana na hatari hiyo. Mwaka 1990, Mary-Claire King wa Marekani alionyesha kuwa katika baadhi ya familia hatari hurithiwa kupitia jeni iliyoitwa baadaye BRCA1.

Ujuzi huo una mipaka yake. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa takriban nusu ya saratani za matiti huwapata wanawake wasio na sababu mahususi ya hatari, isipokuwa kuwa mwanamke na kuvuka umri wa miaka 40. Ukoo usio na mgonjwa si kinga. Kuzaa na kunyonyesha hupunguza hatari, lakini hakuiondoi. Tena, anayechunguza historia ya familia asiishie kwa mama na dada zake. Upande wa baba nao hurithisha.

Sasa tuitazame Nyashimo. Hadi mwaka 2012 mji huu ulikuwa katika Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Mkoa wa Simiyu na Wilaya ya Busega vilipoanzishwa, Nyashimo ikawa makao makuu ya wilaya, na ofisi za serikali zikasogea karibu na wananchi. Hata hivyo, mgonjwa wa saratani bado hufuata barabara ileile ya Mwanza kwenda Bugando. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, safari ilikuwa ya Dar es Salaam, katika hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897, ambayo kwa sheria ya mwaka 1996 ikawa Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Matibabu makubwa yanaweza kubaki mbali. Uchunguzi wa awali hauna sababu ya kuwa mbali. Mjini Mumbai, India, utafiti ulioanza mwaka 1998 uliwafuatilia wanawake zaidi ya 150,000 kwa miaka 20. Nusu yao walipimwa matiti kwa mikono, kila baada ya miaka miwili, na wahudumu wa afya ya msingi waliofunzwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa saratani ziligunduliwa mapema zaidi, na kwa wanawake waliofikia miaka 50 vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Hapakuhitajika mashine ya mamografia.

Kwa watumishi wa umma, funzo ni la kibajeti: mwuguzi wa zahanati aliyefunzwa, chumba chenye faragha na utaratibu wa rufaa usiomzungusha mgonjwa. Shirika la Afya Duniani linataka mgonjwa athibitishiwe ugonjwa ndani ya siku 60 tangu afike kituoni. Wanaharakati na wanafunzi wanaweza kuihoji halmashauri yao kwa kipimo hicho.

Kwa mama, dada na shangazi zetu, ujumbe ni huu: uvimbe mwingi wa titi si saratani, lakini uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni. Wengi hungoja maumivu, na yanapofika ugonjwa umekwisha kusambaa. Uvimbe titini au kwapani, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, vyote vinatosha kumpeleka mtu kituo cha afya wiki hiyohiyo, hata kama katika ukoo wake hakuna aliyewahi kuugua.