Koti Jeusi Lililovuliwa Kansas City

Oktoba 1965, mjini Kansas City, vyama viwili vya wanafunzi wa kilimo wa sekondari za Marekani viliunganishwa kuwa kimoja. Wanachama wa Future Farmers of America, FFA, walivaa koti la kodrai la bluu. Wale wa New Farmers of America, NFA, walivaa koti jeusi lenye maandishi ya rangi ya dhahabu. Wa kwanza walikuwa wazungu, wa pili weusi. Baada ya mkutano ule, vijana weusi zaidi ya 50,000 walihesabiwa kuwa wanachama wa FFA, na koti jeusi likaingia makumbusho.

Habari hii husimuliwa kama ushindi dhidi ya ubaguzi, na ushindi ulikuwamo. Lakini ukitaka kujua nini kilipotea, rudi nyuma hadi Februari 1917, Rais Woodrow Wilson alipotia saini Sheria ya Smith-Hughes. Kwa sheria hiyo serikali kuu ilianza kuchangia gharama za masomo ya kilimo, ufundi na sayansi kimu katika shule za umma. Fedha zilikuja na sharti: mwanafunzi wa kilimo lazima afanye kazi ya vitendo shambani chini ya usimamizi, angalau miezi sita kwa mwaka. Kwa hiyo kijana alikuwa na mradi wake mwenyewe, iwe nguruwe wawili, banda la kuku au ekari moja ya pamba, na daftari la hesabu zake. Mwalimu alimfuata hadi nyumbani kwao kukagua.

Vyama vilizaliwa humo. Vijana wenye miradi walitaka kulinganisha, kushindana na kusafiri. Ila katika majimbo ya Kusini shule zilitenganishwa kwa rangi, hivyo vyama navyo vikatengana tangu mwanzo. Jimbo la Virginia linaonyesha vizuri jambo hili. Walimu wa chuo cha wazungu kule Blacksburg waliunda chama cha vijana wao, na mfano huo ukazaa FFA mwaka 1928, wajumbe 33 kutoka majimbo 18 walipokutana Kansas City. Katika Virginia hiyo hiyo, kwenye chuo cha weusi karibu na Petersburg, G. W. Owens na mwenzake J. R. Thomas walikuwa wakifanya kazi ileile. Owens aliandika katiba, na Mei 1927 vijana wa New Farmers of Virginia wakafanya mkutano wao wa kwanza wa jimbo. Agosti 1935, pale Tuskegee, Alabama, vyama vya majimbo viliungana kuwa NFA.

Tazama nembo zao. Zote zilikuwa na plau, bundi, tai na jua linalochomoza. Ila ya FFA ilizungushiwa gunzi la mahindi lililokatwa, ya NFA ilikuwa na tumba la pamba lililopasuka. Kwa wajukuu wa watumwa, pamba haikuwa pambo. Ndilo zao lililowafunga babu zao, na ndilo lililowaweka baba zao katika madeni ya mwenye shamba. Vijana waliliweka kifuani.

Ngazi za uanachama nazo zilisema jambo. Mwanafunzi mgeni wa NFA aliitwa Farm Hand, yaani kibarua wa shamba. Akiongeza mradi na maarifa alipanda hadi Superior Farmer, mkulima bora. Safari yote ilikuwa ya kutoka kwenye mkono unaotumwa kufika kwenye kichwa kinachoamua.

Hapa ndipo ninapoona uzito wa chama kile. Mikutano yake iliendeshwa kwa taratibu za bunge: hoja, anayeunga mkono, mjadala, kura, kumbukumbu. Kijana wa miaka kumi na sita wa Mississippi aligombea uenyekiti, akahesabiwa kura, akashinda au akashindwa. Baba yake mara nyingi hakuruhusiwa kupiga kura ya aina yoyote. Sheria ya kulinda haki hiyo ilisainiwa Agosti 1965, miezi miwili tu kabla ya koti jeusi kuvuliwa.

Tuskegee yenyewe inatugusa huku kwetu. Booker T. Washington aliianzisha mwaka 1881 akifuata mfano wa Hampton, alikosoma: mtu mweusi ajifunze kwanza kazi za mikono. W. E. B. Du Bois alimpinga, akiona elimu hiyo ikigeuzwa dari. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, aliyewahi kufundisha Hampton, pamoja na James Aggrey, mzaliwa wa Ghana ya leo. Ilipendekeza elimu ya namna hiyo kwa Waafrika, na mwaka 1925 Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete. Wazazi wengi wa Kikuyu hawakushawishika. Katika shule zao huru za miaka ya 1930 walidai Kiingereza na vitabu. Walijua mtoto wa mzungu hapewi jembe kama kilele cha elimu.

Somo lilikuwa moja, lakini aliyelishika hakuwa mmoja. Kabete serikali ya kikoloni ndiyo iliyoamua. Katika NFA wanafunzi walichagua viongozi wao wenyewe.

Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ilipiga marufuku ubaguzi katika mipango inayolipiwa na serikali kuu. Vyama viwili havikuweza kudumu. Katika muungano, jina, nembo, koti na ngazi vilivyobaki vilikuwa vya FFA. Shule zilipounganishwa, walimu wengi weusi walipoteza kazi, na vijana wakajikuta wachache ndani ya matawi makubwa. Mweusi wa kwanza kuwa kiongozi wa kitaifa wa FFA, Fred McClure wa Texas, alichaguliwa mwaka 1973. Rais wa kwanza mweusi, Corey Flournoy wa Chicago, alichaguliwa mwaka 1994. Miaka 29 ilikuwa imepita.

Ardhi nayo ilikuwa ikiponyoka. Mwaka 1920 sensa ilihesabu wakulima weusi wapatao 925,000 Marekani. Mwaka 1997 hawakufika 20,000. Madeni, mashine, uhamaji wa kwenda mijini na mikopo iliyonyimwa kwa sababu ya rangi vyote vilichangia. Hakuna klabu ya shule ambayo ingezuia hayo peke yake.

Wengi wetu tulisoma katika shule ambazo mchelewaji hupewa jembe kama adhabu, kisha kipindi kinachofuata akafundishwa kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Mwanafunzi hakuchagua zao, hakushika daftari la mapato, wala hakuulizwa mavuno yaende wapi. Mwanachama wa NFA aliyekuwa na ekari yake ya pamba aliyajua yote matatu, na kwenye kikao cha jioni aliweza kunyoosha mkono akatoa hoja.