Picha za Wanafunzi na Barafu ya Rwenzori

Mwanafunzi ashikapo kamera katika safari ya masomo, aghalabu huwapiga wenzake kwanza, wamejipanga safu na kutabasamu, na mlima ukabaki nyuma yao kama pambo. Hatumlaumu. Walakini historia ya Rwenzori yaonyesha kwamba lile pambo ndilo huja kuulizwa baadaye.

Mwaka 1906 Luigi Amedeo, mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, aliipanda milima hiyo akifuatana na mpiga picha Vittorio Sella. Vyombo vyao vilibebwa na wapagazi, ambao vitabu havikujali sana kutuachia majina yao. Sella alipiga picha vilele na barafuto, yaani ile mito ya barafu itambaayo polepole mabondeni. Wakati huo zilihesabiwa barafuto 43 juu ya milima sita, nazo zilienea kiasi cha kilomita za mraba 6.5. Kufikia mwaka 2003 hazikutimiza hata kilomita moja ya mraba. Waliopanda baadaye walisimama aliposimama Sella, wakaelekeza kamera alikoelekeza yeye, na palipokuwa peupe pakaonekana mwamba mtupu. Ulinganisho huo uliwezekana kwa kuwa mahali na mwaka wa picha za kwanza ulijulikana. Uzuri wake, nao ni mwingi, usingalitosha.

Sisi tuliwahi kufungua sanduku la picha katika shule moja iliyo chini ya milima hiyo. Zilikuwa za safari za sayansi za miaka mingi. Katika mojawapo, kulipokuwa hakuna wingu, barafu yaonekana wazi juu ya bega la kijana aliyevaa kaptura. Tuliigeuza kwa pupa. Nyuma pameandikwa kwa wino mzuri: “Kumbukumbu njema.” Mwaka haupo, wala mahali.

Tangu siku hiyo twawataka wanafunzi wetu waandike, papo hapo, tarehe, saa, mahali waliposimama na upande ulikoelekea kamera. Na wapigapo picha mwamba au ukingo wa mto, waweke kando yake fimbo ya mita moja. Hunung'unika kwamba fimbo yaharibu picha. Basi hupiga mbili, moja ya fimbo na moja ya tabasamu.

Yule kijana wa kaptura tungali twamtafuta. Huenda akaukumbuka mwaka.