Uuzaji wa magari Lubumbashi

Kasi ya kuuza magari hupimwa kwa siku ambazo gari hukaa katika uwanja wa muuzaji kabla ya kununuliwa. Lubumbashi, mji mkuu wa jimbo la Haut-Katanga nchini Kongo, wanunuzi wengi hutafuta magari yaliyokwisha kutumika Japani. Mengi hushushwa bandarini Dar es Salaam, yakapitia Tunduma na Zambia hadi mpaka wa Kasumbalesa, safari ya karibu kilomita 2,000. Usukani wa magari hayo huwa kulia, ilhali Kongo magari hupita upande wa kulia wa barabara, hivyo dereva haoni vizuri anapotaka kulipita lori: hatari kubwa. Magari mapya, hasa Toyota Land Cruiser, hutegemea ununuzi wa kampuni za migodi ya shaba. Bei ya shaba ikishuka, magari hayo mapya hukawia uwanjani.