Historia ya Mguu wa Matende na Mazoezi Yake

  Kiongozi wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: MATENDE, MNYOO, KIFUNDO. Tutakutana nayo mara nyingi leo.

Somo letu ni la historia, lakini si ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya mguu unaomwuma mtu miaka nenda miaka rudi. Huku kwetu pwani, nani asiyeujua mguu wa matende? Huanza kwa uvimbe mdogo kifundoni. Jioni upo, asubuhi haupo. Baadaye hauondoki tena. Ngozi hukakamaa, kifundo hukataa kupinda. Kisha kila baada ya muda huja homa, mguu ukawaka moto, na mtu akalala siku kadhaa. Anayelala hivyo wakati wa kupanda mpunga amekosa chakula cha nyumba yake.

Jambo la kusikitisha katika historia hii ni moja. Njia ya kuutuliza mguu huo ilikwisha andikwa kitabuni kabla ya mwaka wa 1900, lakini ilikawia karibu miaka mia kuwafikia maskini waliokuwa wakiumwa. Sikilizeni ilivyokuwa.

Zamani wazee walisema mwenye matende amekanyaga dawa iliyotegwa njiani. Mabusha, ambayo ni ndugu ya matende, walisema huletwa na kunywa madafu mengi. (Ingekuwa hivyo, wakwezi wetu wasingesalimika hata mmoja!) Lakini tusiwacheke. Ulaya na Marekani nako hawakujua. Katika karne ya 19 wako madaktari waliofunga mshipa mkubwa wa damu pajani, wakidhani damu ikipungua mguu nao utapungua.

Mwaka wa 1877 daktari mmoja Mskoti, Patrick Manson, alikuwa akifanya kazi Amoy, mji wa bandari katika nchi ya China. Mtunza bustani wake alikuwa na vinyoo vichanga katika damu, vidogo hata havionekani kwa macho matupu. Manson alimlaza usiku mahali penye mbu, wakamwuma. Kisha akawapasua mbu wale, akavikuta vile vinyoo ndani yao, tena vinakua. Hata hivyo hakumaliza fumbo. Alidhani mbu hufia majini, na watu hupata ugonjwa kwa kunywa maji hayo. Mwaka wa 1900, huko London, daktari George Low aliviona vinyoo katika mdomo wa mbu, na hapo ikajulikana kwamba vinaingia mbu anapouma.

Sasa tuuangalie mnyoo wenyewe. Ni kama uzi. Jike hufikia sentimita 8 hata 10. Hakai tumboni kama minyoo mingine, bali hukaa katika mishipa myembamba ambayo madaktari huiita mishipa ya limfu. Mishipa hii ina kazi gani? Katika miili yetu yapo maji yanayotoka kwenye damu na kulowesha nyama. Mishipa ya limfu huyakusanya maji hayo na kuyarudisha kwenye damu. Kutoka mguuni ni mlima, na moyo hauyasukumi. Mishipa yenyewe huyasukuma kidogo kidogo, na misuli ya mguu huisaidia sana. Unapotembea, shavu la mguu hukaza na kulegea, hukaza na kulegea, kama mtu anayekamua nguo, na maji yakapanda. Ndani ya mishipa mna vilango vinavyofunguka kuelekea juu tu, ili maji yasirudi chini. Mnyoo huitanua mishipa na kuviharibu vilango. Maji yakabaki mguuni.

Ukilielewa hilo, utaona mwenyewe kwa nini mguu usiotembea huzidi kuvimba. Kifundo kikikakamaa, shavu halifanyi kazi. Shavu lisipofanya kazi, maji hayapandi.

Huko Liège, Ubelgiji, alikuwapo mwalimu wa upasuaji aliyezaliwa Austria, jina lake Alexander von Winiwarter. Mwaka wa 1892 alieleza namna ya kutunza mguu kama huu: uinuliwe, ufungwe bandeji, ukandwe, ufanyishwe mazoezi. Si jambo la mashine wala la fedha nyingi. Lakini kitabu chake kilibaki kwa wataalamu wa Ulaya.

Kwa nini? Nionavyo mimi, ni kwa sababu madaktari wa nchi za joto walikuwa wakimwinda mnyoo na mbu wake. Mwaka wa 1947 ilipatikana dawa ya kuviua vinyoo vichanga katika damu. Ilikuwa habari njema sana, na hakuna mwenye akili atakayeidharau dawa. Ila mtu ambaye mguu wake umekwisha haribika alikunywa dawa, vinyoo vikafa, na mguu ukabaki vile vile. Wengi waliambiwa, Nenda nyumbani, hii haina tiba.

Mageuzi yalitoka Recife, mji wa pwani ya Brazil. Katika miaka ya 1990 daktari mwanamke, Gerusa Dreyer, na wenzake walionyesha kwamba zile homa za mguu mara nyingi haziletwi na mnyoo mwenyewe. Huletwa na vijidudu vinavyoingia katika vipasuko vidogo, hasa katikati ya vidole. Mguu ukioshwa kwa sabuni kila siku na kukaushwa vizuri, homa hupungua. Ukiinuliwa na kufanyishwa mazoezi, uvimbe na maumivu hupungua pia. Wagonjwa wenyewe walikusanyika kwa vikundi, wakafundishana.

Mwaka wa 1997 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliamua ugonjwa huu ukomeshwe. Mwaka wa 2000 Tanzania ilianza kugawa dawa za matende Mafia, katika mkoa wetu huu huu wa Pwani, na mwaka wa 2001 Zanzibar ikafuata. Mpango wenyewe una miguu miwili: kuwazuia vinyoo wasienee, na kuwatunza waliokwisha kuvimba. Mguu wa kwanza umetembea upesi. Wa pili, kusema kweli, umekuwa ukichechemea.

Hebu sasa tujifunze mazoezi. Mtu aketi au alale, auegemeze mguu juu ya kitu, hata gunia la pumba. Avute vidole kuelekea kwake mpaka asikie shavu la mguu linanyooka, kisha avisukume mbele. Halafu akizungushe kifundo polepole, upande huu na upande huu. Anayeweza kusimama ashike ukuta, ainuke kwa vidole, ashuke. Afanye mara nyingi kwa siku, kidogo kidogo, bila kujikaza hata kuumia.

Siku ya homa asifanye mazoezi. Apumzike, auweke mguu katika maji baridi, aende zahanati. Mwenye ugonjwa wa moyo asiinue miguu kabla ya kumwuliza mganga wa zahanati. Na uvimbe uliokuja ghafla usidhaniwe kuwa ni matende, uonyeshwe kwanza.

Kiongozi wa darasa, tutakapomaliza zima redio. Waketishe wanafunzi wote chini, wanyooshe miguu, wafanye zoezi la kifundo mara kumi kila mguu. Kisha kila mmoja aandike katika daftari lake jina la kijiji chake, na idadi ya watu anaowajua huko wenye mguu wa matende. Daftari hizo mpelekeeni mganga wa zahanati yenu.

Kwa herini mpaka juma lijalo.