Baiskeli Huongezwa, Pikipiki Hubadilishwa

Neno boda boda lilizaliwa hapa mpakani, na watu wa Busia hawachoki kuwakumbusha wa Nairobi. Miaka ya 1960, ukishuka basi upande wa Kenya ukitaka kuingia Uganda, ulikuta kipande cha ardhi kati ya kizuizi kimoja na kingine. Gari la abiria halikuvuka hapo bila makaratasi, na kutembea na mizigo kwenye jua ni adhabu. Vijana wenye baiskeli wakaiona kazi. Wakafunga kiti chenye sponji juu ya keria, wakaanza kuita wateja: boda, boda! Malaba nako ikawa hivyo hivyo.

Enzi za Idi Amin baiskeli hizo zilibeba zaidi ya abiria. Baridi kali ilipochoma mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa duniani ilipanda sana, na magunia mengi ya kahawa ya Uganda yakavuka kwa njia za panya. Magendo ni hadithi ndefu, tuiache. Ninachotaka mkitazame ni chombo chenyewe. Baiskeli ilidai nini kwa mwenyewe? Pampu, viraka, na matone machache ya mafuta ya cherehani kwenye mnyororo ukianza kulia. Mafuta yakikauka unaongeza. Hakuna aliyewahi kumwaga mafuta ya baiskeli ili aweke mapya.

Halafu pikipiki zikaja. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa VAT kwenye pikipiki zisizozidi 250 cc, na mashine ndogo za kutoka India na China zikajaa stejini. Waliokuwa wakikanyaga pedali wakapanda injini. Jina halikubadilika. Nadhani hata mazoea ya mafuta hayakubadilika: kazi ilirithiwa, na pamoja nayo ile imani kwamba kinachopungua huongezwa tu.

Sasa hebu tuifungue injini yenyewe. Pikipiki ya boda ina oili ya karibu lita 1 tu, na hiyo lita 1 inalainisha pistoni, gia na klachi kwa pamoja. Kwa kuwa injini nyingi za aina hii hupozwa kwa upepo, oili ndiyo pia inayobeba sehemu kubwa ya joto. Mwendesha boda anayekimbia kilomita 100 kwa siku anamaliza 3,000 kwa mwezi, nyingi zikiwa safari fupi fupi za kusimama na kuondoka. Joto linaipika oili. Masizi ya petroli yanapenya kando ya pistoni na kuingia humo humo. Unyevu nao unaingia. Ikikaa sana inakuwa nzito kama uji wa wimbi uliolala, na mwishowe ni matope meusi yanayoziba vijia vya kupitishia oili.

Pistoni ina ringi tatu kwa kawaida. Mbili za juu zinazuia nguvu ya mlipuko isivuje, ya tatu inakwangua oili iliyozidi kwenye ukuta wa silinda. Zote lazima zicheze kidogo ndani ya mifereji yake. Masizi yakikaukia humo, ringi inaganda. Hapo oili inapanda juu na kuungua, moshi wa buluu unatoka, nguvu inapungua mlimani. Na gesi inayovuja chini inachafua oili iliyobaki, kwa hiyo ubovu unajilisha wenyewe.

Ugonjwa huu haukuanzia Busia. Miaka ya 1930 huko Marekani, trekta za dizeli za Caterpillar zilikuwa zikigandisha ringi kiasi cha kuwatia wahandisi wazimu. Oili ya siku hizo ilikuwa mafuta matupu. Mwaka 1935 Standard Oil of California ikatoa Delo, oili iliyotiwa kemikali za kuosha pistoni. Tangu hapo oili nzuri ina kazi ya usafi pia: inayabeba masizi yasigande. Ndiyo maana inageuka nyeusi mapema. Weusi peke yake si ubaya, jamani. Ubaya ni kwamba kemikali hizo zina kipimo, zikiisha zimeisha, na uchafu uliobebwa hautoki mpaka umwage.

Hapo ndipo "niongezee kidogo tu, fundi" inapomaliza injini. Ukiongeza robo lita kila wiki unaona kipimo kimejaa, roho inatulia, kumbe uchafu wa miezi mitatu bado uko ndani. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inazidisha balaa, kwa sababu haiungui vizuri na nyingine inateremka kuilegeza oili. Uchakachuaji ulikuwa mkubwa hadi mwaka 2018 Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa.

Lakini tusimlaumu mwendeshaji haraka. Wengi pikipiki si yao. Jioni lazima pesa ya mwenye pikipiki ifike, mvua inyeshe isinyeshe, na oili mpya inatoka kwenye mfuko wa nani? Mara nyingi hawakuzungumza. Mwendeshaji anasubiri tajiri, tajiri anadhani mwendeshaji ameshabadilisha, na siku ya kufungua injini wote wawili wanashangaa bei ya ringi, pistoni na kuchonga silinda, huku pikipiki imelala wiki nzima na mkopo wake hausimami.

Wako wenye pikipiki walioshtuka. Wanaandika kilomita kwenye daftari, wananunua oili wenyewe, na siku ya kumwaga hawadai pesa ya siku hiyo.