Hongo, Cheti, Pasipoti: Historia Fupi ya Maneno ya Kuvukia Mpaka

Miongoni mwa istilahi ambazo wafasiri, walimu na watumishi wa serikali huzitumia kila siku bila kuzipima, zimo zile zihusuzo karatasi za kuingilia nchi nyingine: pasi, pasipoti, hati ya kusafiria, kibali na viza. Mara nyingi maneno haya huandikwa kana kwamba ni pacha, moja likakaa mahali pa jingine. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kila moja lina kazi yake, na kwamba kazi hiyo imetokana na historia.

Tumechagua kuitazama historia hiyo kutoka Kaisho, mkoani Kagera, katika Wilaya ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Huko, Uganda iko kaskazini na Rwanda iko magharibi, ng'ambo ya mto Kagera. Kwa mkazi wa mahali kama hapo, safari ya nchi ya nje yaweza kuwa safari ya sokoni, msibani au harusini.

Ruhusa kabla ya karatasi

Desturi ya kuomba kuingia katika nchi ya wenyewe haikuletwa na wakoloni. Mwezi Novemba 1861, wasafiri wa Kiingereza John Hanning Speke na James Grant walifika Karagwe kwa mfalme Rumanyika. Nia yao ilikuwa kwenda Buganda, lakini hawakuweza kuondoka tu wakaenda. Ilibidi habari zao zitangulie kwa Kabaka Mutesa. Januari 1862, baada ya wasindikizaji kuja kutoka Buganda, ndipo Speke alipoendelea na safari. Grant alibaki nyuma kwa ugonjwa wa mguu. Karatasi haikuwapo, lakini mambo ya msingi yote yalikuwapo: mgeni alitambulishwa, nia yake ilielezwa, na mwenye nchi alitoa idhini kabla mgeni hajafika mlangoni pake.

Kadhalika yalikuwapo malipo. Kabla ya kufika Karagwe, Speke alicheleweshwa huko Usui na mtawala Suwarora, aliyemdai hongo. Katika Kiswahili cha misafara, hongo ilikuwa ushuru wa njia, uliodaiwa waziwazi na mtawala wa mahali. Leo hongo ni rushwa. Mfasiri akutanaye na neno hili katika habari za karne ya 19, kisha akaandika "rushwa", atakuwa amemgeuza mtoza ushuru kuwa mla rushwa. Huu ni mfano wa kwanza wa hasara iletwayo na neno lisilopimwa.

Mpaka na karatasi

Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliigawa nchi ya magharibi ya Ziwa Victoria kwa mstari wa digrii 1 kusini ya ikweta. Baadaye sehemu ya mto Kagera ilifanywa kuwa mpaka. Ndugu waliokuwa wakitembeleana kwa mtumbwi wakawa wageni wa serikali mbili.

Utawala ulihitaji majina ya karatasi, na Kiswahili kilikuwa nayo tayari kutoka pande nyingi: hati kutoka Kiarabu, cheti kutoka lugha za Bara Hindi, muhuri kutoka Kiajemi. Pasi ilitoka Kiingereza. Neno la asili yetu lilikuwa kipande. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwalazimisha wanaume wa Kiafrika kuchukua kipande, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Neno lenyewe halina kosa, lakini lilibebeshwa fedheha.

Huko Ulaya, mkutano wa Paris wa Oktoba 1920, ulioitishwa na Shirikisho la Mataifa, ulipendekeza pasipoti ya namna moja, yaani kitabu cha kurasa 32. Mwaka 1922 ikaanzishwa hati ya Nansen kwa wakimbizi wa Urusi wasio na serikali ya kuwapa pasipoti. Hapa ndipo tofauti ya pasipoti na hati nyingine za kusafiria ilipodhihirika. Karagwe, iliyopokea wakimbizi wa Rwanda tangu machafuko yaliyoanza 1959 na tena mwaka 1994, inaweza kuielewa tofauti hiyo vema. Mkataba wa Geneva wa 1951, Ibara ya 28, humpa mkimbizi hati ya kusafiria kutoka nchi iliyompokea. Kuiita hati hiyo pasipoti ni kumwandika kuwa raia wa nchi ambayo hajapata uraia wake.

Kila neno na swali lake

Pasipoti hujibu swali: wewe ni raia wa nchi gani? Hati ya kusafiria ni jina la jumla. Kila pasipoti ni hati ya kusafiria, lakini si kila hati ya kusafiria ni pasipoti. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2002 imeyataja yote mawili katika jina lake. Viza, yenye asili ya Kilatini kwa maana ya kilichoonwa, hujibu: je, nchi uendayo imeyatazama maombi yako ikaridhika? Kibali, ndugu wa kitenzi kukubali, hueleza mgeni aruhusiwa kufanya nini, na kwa muda gani. Forodha huuliza habari za mizigo. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huuliza habari za afya. Tangu Julai 2016 cheti hicho hudumu maisha yote, hivyo anayenakili vijikaratasi vya zamani vyenye "miaka 10" humpeleka msafiri kuchanjwa bure.

Hatari ya "bila viza"

Protokali ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, huwaruhusu raia wa nchi wanachama kuingia nchi nyingine mwanachama bila viza. Msikilizaji asiyeelezwa zaidi husikia "bila karatasi". Sivyo. Protokali hiyohiyo yataka hati halali ya kusafiria, na vitambulisho vya taifa ni kwa nchi zilizokubaliana kuvitumia. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana hivyo kuanzia 2014, Tanzania haikuwamo. Basi mtu wa Kaisho aliyesikia nusu ya habari aweza kufika Murongo na kitambulisho peke yake, akarudishwa, na msiba wa nduguye ng'ambo ya Kikagati ukampita. Au atashawishika kufuata njia ya panya, na hapo aliyekuwa na haki ya kuvuka hugeuka mkosaji.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba, katika matangazo, vitabu vya shule na fomu, neno pasi liachiwe mazungumzo, kwa kuwa lina shughuli nyingi katika nguo na mpira. Pasipoti itajwe pale tu inapokusudiwa pasipoti. Na maneno "bila viza" yasiandikwe kamwe peke yake, bali yafuatwe na "kwa hati halali ya kusafiria". Ni maneno matano tu ya nyongeza. Gharama ya kuyaacha hulipwa na msafiri, wala si na mwandishi.